Sikio Nyumbani kwa Mama Tumsifu

Nilikuwa sikio. Ndiyo kazi niliyopewa na Baraza la Wazee wa Kanisa, na ndilo jina watu waliloniita njiani hadi lile jingine, nililobatizwa nalo, likapotea katika kila kinywa, changu pia. Nilikaa benchi la tatu kutoka nyuma, nikasikiliza. Nilisikiliza nani anaimba na nani anachezesha midomo tu. Nilisikiliza kilio cha mfiwa nikapima kama kinatoka tumboni au kooni. Kila Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mzee Kornelio, mwenyekiti wa Baraza, nikamweleza niliyoyasikia. Naye akaitikia kwa kichwa, akanipa kifuko cha karanga za kukaanga, akaniagiza nizile nikiwa peke yangu. Nilizila nikiwa peke yangu.

Ulikuwa wakati wa ukame, na siwezi kusema ulikuwa mwaka wake wa ngapi. Wengine walisema wa tatu, wengine wa tisa, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Miaka ilikuwa imeacha kuja kwa zamu. Siku nazo zilianza kujirudia: unaamka ukijua ni Jumatano, kumbe Jumanne imerudi vilevile ilivyokuwa, kunguru yuleyule anatua juu ya paa lilelile, na jirani anakuuliza swali alilokwisha kukuuliza jana. Tulizoea. Mtu huzoea chochote ambacho hakimuui siku hiyohiyo. Jambo ambalo hatukulizoea ni mawe ya mpaka. Aliyetolewa nje ya mawe yale kwa amri ya Baraza, kabla jua halijafika utosini alikuwa amekwisha kusahaulika. Hatukumsahau kwa ukatili. Tulimsahau kama mtu anavyoisahau ndoto akiwa bado anafikicha macho. Ilibaki sahani moja imezidi, na watu wa nyumba ile wakaulizana ni ya nani, kisha wakaiweka pamoja na nyingine.

Mwanzoni watu walikwenda kanisani kulalamika, na baadaye wakaenda ili wakae tu. Mchungaji Yoeli, ambaye alikuwa mzee kuliko jengo lenyewe, aliuliza kila Jumapili kama kuna mwenye ushuhuda wa shukrani. Akasubiri. Tulitazama sakafu. Kisha akasema tuimbe, tukaimba beti mbili badala ya nne, kwa sababu pumzi ilikuwa haba.

Mpaka Jumapili aliposimama Mama Tumsifu.

Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mkunga, mrefu, mwenye mtoto wa jicho upande wa kushoto. Nusu ya watu wa mji ule walipokewa na mikono yake, lakini tangu ukame uanze hakuna aliyezaliwa. Mumewe alifariki zamani. Mbuzi wake walikufa mmoja mmoja. Tumsifu, binti yake wa pekee, ambaye kwa jina lake tulimwita mama huyu, alikufa kwa homa, na tulimzika bila sanda kwa sababu shuka za mji zilikuwa zimekwisha. Mwanamke huyo ndiye aliyesimama, akashika benchi la mbele yake, akasema, "Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu kwa siku ya Alhamisi. Nilikaa kivulini, upepo ukapita." Akaketi.

Nilisikia jinsi kanisa zima lilivyogeuka. Kugeuka kwa watu wengi kwa pamoja kuna sauti yake, kama gunia linaloburutwa. Hakuna aliyeitika Amina. Walimtazama shingo, wakamtazama mashavu, wakatafuta kama amenenepa. Na mimi nilimtafuta hivyohivyo.

Jumapili iliyofuata akasimama tena. Safari hii alishukuru kwa kucheka. Alisema alicheka siku ya Jumatatu, peke yake, kwa kukumbuka jambo fulani, na hakututajia jambo lenyewe.

Baada ya ibada ile Mzee Kornelio hakungoja Jumatatu nimweleze. Alikuwa mtu mnene aliyekonda, ngozi imembakia kubwa kama koti la kuazima, na alizungumza polepole, macho yake yakiwa mlangoni. Alisema mtu hashukuru bure. "Ukimwona mwenye njaa anashukuru," aliniambia, "ujue njaa yake ina mlango wa nyuma." Aliamini yule mama ameficha chakula. Aliniagiza nikaombe hifadhi kwake, niseme paa langu limeanguka, nikae wiki moja, nisikilize. Jumapili inayofuata nitashuhudia mbele ya wote. Kama ameficha, atatolewa nje ya mawe.

Sikumpinga. Nilifikiri kama yeye, na nilikuwa na sababu zangu. Nilikwisha kuijua shukrani kabla ya ukame, wakati wa mavuno, tulipoleta mikungu ya ndizi na majogoo madhabahuni. Zamani zile tulimshukuru Mungu na Baraza katika sentensi moja, kwa pumzi moja, na mtu asingeweza kujua mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Wazee walikaa benchi la mbele wakazipokea zile asante kama watu wanaoota moto. Tangu hapo nikawa na swali ambalo halikunitoka: anayeshukuru anamwongezea nani nguvu? Kama Mungu ana kila kitu, asante yangu inakwenda kujaza wapi? Na kama haijazi kitu kwake, ni nani anaiokota njiani? Niliamini kwamba shukrani ni kamba. Aliye juu huishusha, aliye chini huifunga shingoni mwake mwenyewe, kisha huimba. Kwa hiyo huyu mama alikuwa ama mwongo ama mjinga, na nilitaka kujua ni lipi, nimwambie Mzee Kornelio, nile karanga zangu.

Nilifika kwake alasiri ya Jumapili ileile na kifurushi kwapani. Nikasema paa limeanguka. Akanitazama kwa lile jicho zima, akasema, "Karibu, mwanangu. Pole kwa paa." Akanionyesha chumba kilichokuwa cha Tumsifu. Chakula chetu jioni ile kilikuwa uji wa pumba, vikombe viwili, na cha kwangu kilikuwa kimejaa zaidi kidogo. Niliona hila katika kujaa kule. Nilijiuliza, kwa nini anipendelee mimi nisiye ndugu yake?

Alfajiri nilimsikia akiomba. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na sikuhitaji hata kuinua kichwa. Alitaja vitu. Alisema asante kwa goti la kulia ambalo leo haliumi. Asante kwa moshi uliotoka vizuri. Asante kwa yule mwanamke pale chemchemini ambaye jana hakumsukuma. Niliyashika maneno yale nikayageuza huku na huku. Pengine goti lilikuwa neno la siri. Pengine moshi ulimaanisha unga, na yule mwanamke wa chemchemini ndiye anayemletea. Alipotoka kwenda kuchota maji nilipanda darini, nikapekua. Nilitia mkono ndani ya kinu, ndani ya vyungu, ndani ya godoro la majani. Niligonga sakafu kwa kisigino, chumba hadi chumba, nikisikiliza mahali palipo wazi chini. Hapakuwa na kitu. Lakini sikio lililofunzwa vizuri halikubali kwamba hakuna kitu. Hujiambia tu kwamba limekwisha kudanganywa.

Jumanne alishukuru kwa ndoto moja ambamo alimwona mumewe akifunga viatu. Akashukuru kwa ukucha uliokatika bila kutoa damu.

Siku iliyofuata, Jumanne ikarudi. Niliitambua mara moja kwa yule kunguru, na kwa vumbi lililoingia chini ya mlango kwa umbo lilelile la ulimi. Nikafurahi. Nilijua sasa nimempata, kwa sababu siku inaporudi watu husema waliyokwisha kuyasema, na mwigizaji hurudia maneno yake bila kukosea hata silabi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekohoa palepale nilipokohoa jana. Nikabandika sikio ukutani kungoja mumewe na viatu, kungoja ukucha.

Hakuvitaja. Alisema, "Leo ni jana, Bwana, wewe unajua. Asante kwa kuniletea tena, kwa maana jana sikuuona umande kwenye kamba ya nguo." Na baada ya hapo akashukuru kwa mambo mengine matatu, yote mapya, yote yakiwa ndani ya siku ileile ambayo mimi nilikwisha kuipitia nikaiona tupu.

Nilitoka nje. Kamba ya nguo ilikuwa na umande. Matone machache, karibu na fundo, na yalikauka nikiyatazama.

Jambo lile lilinikasirisha, na siwezi kulieleza vizuri hata leo. Mtu anayekudanganya unaweza kumvumilia, kwa kuwa nyote wawili mnajua ukweli uko wapi. Lakini huyu alinitia shaka juu ya macho yangu. Nikaanza kutafuta kwa hasira. Siku ya Jumatano, alipokwenda chemchemini, nikazunguka nyuma ya zizi lililokuwa tupu, na hapo nikaona udongo uliotifuliwa, mistari miwili, umefunikwa kwa majani makavu. Nikapiga magoti nikafukua kwa vidole.

Nilikuta harage moja. Mbele yake, hatua moja, jingine. Nilifukua mistari yote miwili nikapata maharage kumi na tisa, kila moja ndani ya kishimo chake, makavu, mekundu, yakingoja mvua. Nikayarudisha na kuyafukia upya. Nilikuwa nimepata chakula kilichofichwa. Mtu yeyote katika mji ule angeua kwa kiganja cha maharage, na yeye alikuwa amekizika.

Aliporudi na dumu lake kichwani alipita kwanza nyuma ya zizi. Nilimwona akisimama. Kisha akaja akatua dumu, akaketi kwenye kigoda, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Umeyahesabu?" aliniuliza.

Nikasema ni kumi na tisa.

"Yalikuwa ishirini. Moja nililitafuna Jumatatu. Nafsi ilinishinda." Akaikunja ile ncha ya kanga. "Na paa lako halijaanguka, mwanangu. Nilipita pale asubuhi ile ya kwanza, nikaliona."

Nilimwuliza kama alijua nimetumwa, kwa nini alinipokea. Alijibu kwamba nilikuja nikiwa na njaa, na njaa yangu ilikuwa ya kweli hata kama paa lilikuwa la uongo. Nikamwuliza kwa nini asiyale maharage yale, na akasema angeshiba nusu siku. Ndipo nikamwuliza lile nililotumwa kuuliza, na nikaliuliza kwa ukali, kama anayevuta mtu nguo. Nilimwambia kwamba amepoteza mume, amepoteza mtoto na mifugo, anakula pumba, na mji mzima unamnusa kama mbwa. Anashukuru nini? Anamshukuru nani? Na anafanya hivyo ili apate nini?

Alichukua jani moja kavu akalikunja hadi likavunjika.

"Usidhani nashukuru kwa sababu moyo wangu umetulia," alisema. "Siku tuliyomzika Tumsifu nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Kisha nikanyamaza. Nilinyamaza miezi, au miaka, hujui tena. Na katika kunyamaza kule nikagundua nimeanza kusema kama Kornelio. Kornelio anasema hakuna kitu. Nami nikawa nasema hakuna kitu. Lakini kivuli kilikuwepo. Maji yalikuwepo, kikombe kimoja. Yesu mwenyewe alishukuru ameshika mkate, usiku ule aliposalitiwa, na aliyemsaliti yuko palepale mezani. Sishukuru kwa ajili ya njaa, mwanangu. Njaa ni mbaya. Kifo cha binti yangu ni kibaya, na nitamwuliza Mungu habari zake uso kwa uso. Nashukuru nikiwa ndani ya njaa, ili njaa isije ikaniambia kwamba ndiyo iliyoumba dunia."

Nilisikia kila neno. Na hapo hapo, kwa kuwa nilikuwa nilivyokuwa, nikashuku. Alijua mimi ni sikio. Maneno mazuri kama yale huenda aliyaandaa tangu Jumapili, akayasugua kama sufuria ya wageni, akijua yatafika Barazani. Anayejua anasikilizwa hawezi kusema kweli tupu. Hata maombi yake ya alfajiri, nani anajua. Hata umande. Lakini umande haukuandaliwa na mtu. Nililala jioni ile nikiwa nimegawanyika, nusu yangu ikiisikiliza nusu nyingine.

Alhamisi alfajiri aliomba kwa sauti ileile ya siku zote. Alishukuru kwa maharage kumi na tisa kuwa bado ni kumi na tisa. Halafu akasema, "Na asante kwa mgeni wangu, kwamba ana karanga zake mfukoni, hivyo halali na tumbo tupu kabisa. Umzidishie."

Kifuko kilikuwa chini ya mto wangu. Nilikuwa nikizila nikiwa nimejifunika shuka gubigubi, moja moja, nikizilainisha kwa mate ili zisisikike. Alikuwa amezisikia, au amezinusa, tangu siku ya kwanza, yeye anayekula pumba. Na hakuomba hata moja.

Sikuzila siku ile. Ijumaa nilizila.

Jumapili kanisa lilijaa kama siku za harusi, kwa sababu watu walikwisha kuambiwa. Mzee Kornelio alisimama mbele, mkono mmoja juu ya meza ya ushirika, akasema sikio la Baraza limekaa wiki nzima nyumbani kwa dada yetu na sasa litasema. Mchungaji Yoeli alikuwa kwenye kiti chake kando, macho yamefumbwa. Mama Tumsifu alikaa mahali pake pa siku zote.

Nilisema. Nasema wazi, maana wengi wamelisimulia jambo hili wakiniosha uso: nilimsaliti. Nilisema amefukia maharage kumi na tisa nyuma ya zizi. Nilikuwa na siku nne za kuamua, sikuamua, na mdomo uliozoea ukasema. Mzee Kornelio aliwatuma wanaume wawili wakimbie na jembe. Walirudi wakitweta, mmoja amekunja ngumi, akaifungua juu ya meza ya ushirika. Maharage yalikuwa machache kuliko nilivyoyakumbuka. Mawili yalikuwa yamepasuliwa na jembe.

Mama Tumsifu alipoyaona alilia. Hatukuwahi kumwona akilia, hata pale kaburini. "Ile ilikuwa mbegu," alisema. "Mmechimba mbegu." Mzee Kornelio akamwambia, kwa upole ambao ulinitisha, kwamba sasa ashukuru, tusikie. Yeye akafuta uso. Akasema leo hana. "Ngojeni," akasema, "labda itakuja." Na watu wote wale waliokuja kumtoa nje ya mawe wakangoja. Sikuwahi kusikia kimya kama kile. Hakikuwa na kitu cha kupeleka Barazani.

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ulikaa kwangu ukisikiliza. Waambie ulichosikia. Chote."

Hakuna mtu aliyechunguzwa aliyewahi kuniomba hivyo. Walioshitakiwa huomba usahau. Nikaanza kuyataja maombi yake kama nilivyoyasikia, kwa mfuatano, kwa kuwa ndiyo kazi pekee niliyoijua vizuri. Goti. Moshi. Mwanamke wa chemchemini, ambaye niliona akiinamisha kichwa benchi la tano. Viatu vya marehemu. Jumanne mbili na umande. Niliposema umande, mtu mmoja alitoa sauti ndogo, kama aliyeguswa. Nikafika Alhamisi. Ningeweza kuiruka. Najua ningeweza, na Mzee Kornelio alijua pia, maana niliona mkono wake ukiondoka mezani. Nikasema, "Alhamisi alimshukuru Mungu kwa karanga zilizomo mfukoni mwangu."

Halafu sauti ya mwanamke kutoka katikati, isiyo na ukali wowote, kama anayeuliza njia: "Karanga zipi?"

Nikatoa kifuko. Nikasema nani hunipa, siku gani, na kwamba kila Jumatatu huzitoa katika chumba kilicho nyuma ya madhabahu. Nikasema sijui kuna nini kingine mle ndani. Hilo lilikuwa kweli, ingawa nilikuwa nimechagua kutojua.

Kanisa liligeukia mlango ule. Ulikuwa mlango mdogo wa kijani ambao tuliamini una vitabu vya nyimbo. Mchungaji Yoeli alifumbua macho, akainuka kwa shida, akatoa ufunguo uliokuwa umefungwa kwa uzi ndani ya joho lake. "Nilijua," alisema. "Nilijua, na nikawa nawauliza kila Jumapili kama kuna mwenye shukrani." Akafungua.

Kulikuwa na magunia kumi na mawili ya unga, mawili ya karanga, na debe la mafuta. Vingetosha kila nyumba kwa majuma matatu, pengine manne. Baada ya miaka yote ile, siri yenyewe ilikuwa majuma matatu.

Mzee Kornelio hakukimbia. Aliketi kwenye ngazi ya madhabahu kama mtu aliyechoka kubeba. "Niliogopa siku mbaya zaidi," alisema. Alikuwa akisema kweli. Nilikuwa na miaka mingi ya kuisikiliza sauti ile. Kila asubuhi aliamka akasema hii siyo ile siku mbaya, inayokuja itakuwa mbaya zaidi, na akafunga mlango tena.

Wanaume walimshika mikono. Wakasema atolewe nje ya mawe sasa hivi, kabla ya mchana. Mtu akaongeza kwamba sikio lake litoke naye, na kelele za kukubali zikajaa. Sikushangaa. Nilianza kujiuliza nani atakayekuta sahani yangu.

Mama Tumsifu ndiye aliyewazuia. Hakuwazuia kwa huruma. Uso wake ulikuwa bado umejaa hasira, na maharage yake alikuwa ameyakusanya ndani ya ngumi. Aliwauliza swali moja. Aliuliza nani alikuwa mwenyekiti wa Baraza kabla ya Kornelio.

Watu walitazamana. Hakuna aliyejua.

"Na kabla ya huyo?" aliuliza. "Mimi ni mzee kuliko ninyi wengi, nami sijui. Nadhani tuliwatoa. Nadhani walificha, tukawakamata, tukawatoa, na mchana tukawa tumesahau kwamba mji wetu unaweza kuficha. Mkimtoa huyu, kesho mtachagua mwingine na kumpa ufunguo. Mwacheni akae. Tumwone kila Jumapili. Na huyu mwingine naye akae."

Walibishana hadi jua likapita utosini. Mwishowe walimwachia Mzee Kornelio mikono, nami nikaachwa nikae. Unga uligawanywa alasiri ileile, mlango wa kijani ukang'olewa bawaba zake, ukatumiwa kuwa meza. Watu walikula. Sikumsikia yeyote akishukuru, na wengi walikula wakitazama vikombe vya wenzao. Mvua haikunyesha siku ile, wala iliyofuata. Nilimsaidia Mama Tumsifu kuyarudisha udongoni maharage kumi na saba, na katika kazi yote ile hakunisemesha, isipokuwa kuniambia nisiyazamishe sana.

Jumapili iliyofuata Mzee Kornelio alikaa benchi la mwisho. Hakuna aliyekaa karibu naye. Mchungaji Yoeli alisimama mbele, mikono mitupu, akauliza kama kuna mwenye ushuhuda wa shukrani, na safari hii sauti yake ilikatika katikati. Tukamtazama Mama Tumsifu. Alikaa kimya. Nilidhani labda hana hata leo. Baadaye nikadhani labda ameamua kutotushukuria tena sisi sote, kila mtu abebe chake.

Nilisimama mimi. Sikuwa nimeandaa neno. Nilitafuta ndani ya ile wiki kitu ambacho hakikuwa uongo, na kila nilichokigusa nilikishuku: labda nasema ili nisamehewe, labda nasema ili nionekane, labda nimeshaanza kuifunga tena ile kamba shingoni. Shaka haikuondoka. Nikaona kwamba nikingoja iondoke nitakufa nimesimama.

"Bwana asifiwe," nilisema. "Namshukuru Mungu kwamba mnajua nilichofanya, na mmeniachia mahali pa kukaa."

Nikabaki nimesimama. Hakuna aliyeitika. Mama Tumsifu hakugeuka. Kisha kutoka nyuma kabisa, kwa sauti iliyokauka, Mzee Kornelio akasema, "Amina."

Sijui aliitika kwa imani, kwa mazoea, au kwa woga wa siku mbaya zaidi. Niliisikiliza sauti ile kwa ustadi wangu wote, na sikuweza kuamua. Nikaipokea, nikaketi.